Waogiek na Wawelisi: Nani Aliyeacha Asili?

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, nasi walimu tumeirudia methali hii darasani hata imekuwa kama wimbo. Aghalabu tunaielekeza kwa kijana anayeona haya kusema lugha ya mamaye. Ni nadra tujiulize kama kijana huyo aliiacha asili yake kwa hiari, au aliachishwa. Swali hili lina uzito wa pekee hapa Nakuru, kwa maana katika miteremko ya Mau, si mbali na Njoro na Elburgon, wanaishi Waogiek.

Tuanze na jina. Kwa muda mrefu watu hawa waliitwa Wandorobo, jina lililotokana na lugha ya Wamaasai, lenye maana ya mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Wenyewe hujiita Ogiek. Huko Ulaya, katika nchi ya Wales iliyo magharibi mwa kisiwa cha Britania, wako watu wengine waliopatwa na jambo kama hilo. Majirani zao Waingereza waliwaita Welsh, neno ambalo asili yake ni "mgeni", ingawa wao ndio waliotangulia kuishi kisiwani humo. Wenyewe hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja. Mwenye nguvu humpa jirani yake jina, kisha humtendea kwa kadiri ya jina hilo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Waogiek. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Sir Morris Carter kati ya 1932 na 1934, ilipendekeza kwamba kila ilipowezekana "Wandorobo" wamezwe na makabila makubwa waliyokaribiana nayo. Uhuru haukulimaliza jambo hilo. Mnamo Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 wauhame msitu wa Mau. Shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ikaamua kuwa Serikali ya Kenya ilikuwa imevunja haki zao, zikiwamo haki za ardhi na utamaduni. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi 157,850,000, na ardhi yao ya jadi ipimwe na kumilikishwa kwao kwa pamoja. Hata hivyo, Novemba 2023 familia za Waogiek zilibomolewa nyumba huko Sasimwani, Narok.

Msomaji atauliza: mwanaisimu ana haja gani na kesi za ardhi? Jibu limo katika asali. Mwogiek hakuuona msitu kuwa pori tupu. Kila ukoo ulikuwa na konoito yake, kipande kirefu cha msitu kilichopanda kutoka nyanda za chini hadi za juu. Maua huchanua kwa nyakati tofauti katika kila kimo, na mwenye kurina asali huyafuata. Mizinga ilichongwa kwa magogo ya mtarakwa, ikatundikwa mitini, na asali ikawa chakula, kinywaji, mahari na bidhaa ya kubadilishana na majirani. Lugha yao, iliyo jamaa ya Kikalenjin, imehifadhi elimu hiyo yote ya miti, nyuki na majira. Mtoto asiyewahi kuingia msituni na babu yake anaweza kufundishwa neno konoito, lakini litabaki kwake kama neno la mtihani. Lahaja ya Kinare, iliyosemwa upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, imekwisha kutoweka.

Wawelisi nao waliachishwa. Katika karne ya 19, baadhi ya shule zao zilimvisha shingoni kipande cha mti mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi. Wakenya wa rika fulani hawahitaji kuelezwa; Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika habari za adhabu kama hiyo hapa kwetu katika kitabu alichokitoa mwaka 1986. Mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn, ambacho wakazi wake walisema Kiwelisi, kilizamishwa pamoja na shule na kanisa lake ili mji wa Liverpool upate maji. Hasira ya tendo hilo iliwaamsha wengi. Televisheni ya Kiwelisi ilianza mwaka 1982, sheria ya mwaka 1993 ikaiweka lugha hiyo sawa na Kiingereza katika shughuli za umma, na mwaka 2011 ikapata hadhi ya lugha rasmi. Lakini sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000, yaani asilimia 17.8, ilhali mwaka 2011 walikuwa asilimia 19. Sheria na shule ni nguzo, lakini nyumba haisimami bila wakazi.

Wako wanaohofu kwamba kuzilea lugha ndogo ni kuvunja umoja wa taifa. Nami, niliyefundisha kwa Kiswahili na ninayekipenda, siioni hofu hiyo kuwa na msingi. Kiswahili hakijengwi kwa kumeza lugha jirani. Mwogiek anayekisema Kiswahili sokoni Elburgon hapungukiwi uraia akisema Kiogiek nyumbani Nessuit au Mariashoni. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaiagiza Serikali ikuze lugha za kiasili, na ibara ya 56 inaitaja haki ya makundi madogo kuendeleza lugha zao.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Waogiek zaidi ya 52,000. Hao si wachache mno kuwa na lugha, iwapo watabaki na mahali pa kuitumia. Mwalimu unayefundisha katika miteremko ya Mau, mkaribishe mzee darasani aeleze majina ya miti kwa lugha yake, watoto wayaandike. Mwanafunzi wa isimu, kabla hujachagua mada ya tasnifu iliyokwisha kuandikwa mara kumi, panda Mariashoni ukawasikilize warina asali. Nanyi mlio na mamlaka, tekelezeni hukumu ya Arusha. Mpaka hapo, tusimwambie mtoto wa Kiogiek kwamba ameacha asili.