Mahali Pamoja, Majina Manne: Kusafisha Orodha za Wagonjwa wa Lukozi

Tauni ilizuka wilayani Lushoto mwaka 1980, ikarejea tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika maradhi ya namna hiyo, jina la kijiji cha mgonjwa huelekeza panya na viroboto wakasakwe wapi.

Siku hizi majina hayo huingizwa kwenye kompyuta. Tuchukulie wagonjwa wanne wa kuhara waliotoka Lukozi katika juma moja. Mmoja ameandikwa "Lukozi", wa pili "LUKOZI", wa tatu "lukozi", na wa nne ana nafasi tupu mbele ya jina, isiyoonekana kwa macho. Kompyuta haijui Kiswahili wala Kishambaa: itahesabu vijiji vinne, kila kimoja na mgonjwa mmoja, na hakuna atakayeshtuka.

Lugha ya Python, iliyotolewa kwa umma na Guido van Rossum mwaka 1991, huliondoa tatizo hili kwa mistari michache. Wanaojifunza huanza na strip(), inayoondoa nafasi za pembeni, na title(), inayokuza herufi ya kwanza ya kila neno. Kwa Lukozi zatosha. Kwa kata ya Mng'aro, title() hudhani kibainishi ni mwisho wa neno, ikatoa "Mng'Aro". Ni dhahiri hawakuifikiria ng' yetu! Afadhali capwords:

from string import capwords
safi = [capwords(k.replace("’", "'")) for k in orodha]

Hapa replace() hubadili kibainishi kilichopinda, ambacho baadhi ya simu hukiweka zenyewe, kiwe kilichonyooka. Capwords huondoa nafasi za ziada na kupanga herufi. Orodha ya asili haiguswi. Majina safi hukaa katika orodha mpya.

"Rukozi" haitarekebika hivyo. Inahitaji jedwali la masahihisho, liandaliwe na mtu anayeifahamu milima hii. Programu isiachiwe kukisia kwa kufanana: Mlalo na Mlola ni mahali pawili, na zote zimo Lushoto. Tena Malindi ya hapa si ya Unguja wala ya Kenya, hivyo safu ya wilaya isiachwe wazi.

Nawe mgonjwa, ukiulizwa unakotoka, taja kitongoji, kijiji na kata, kisha uombe usomewe kilichoandikwa.