Msako wa Hazina Mikinduri: Swali Kwanza, Simu Baadaye

Mwalimu wa Mikinduri anayetaka kuwatoa wanafunzi wake darasani kwa msako wa hazina ana bahati asiyokuwa nayo mwenzake wa London. Mji huu uko kaskazini kidogo tu mwa Ikweta, na karibu na Ikweta digrii moja ya latitudo hukaribiana sana kwa urefu na digrii moja ya longitudo: kama kilomita 111 kila moja. London, ile ya longitudo imepungua hadi kilomita 69 hivi. Kwa hiyo huku kwetu mtoto anaweza kusoma nambari kwenye simu akapata umbali kwa penseli. Tuseme tofauti kati ya lango la shule na kituo cha kupimia majani chai ni 0.003 ya latitudo na 0.004 ya longitudo. Hizo ni mita 333 kuelekea kaskazini na mita 444 kuelekea mashariki. Pythagoras anamalizia kazi: mita 555 moja kwa moja.

Mchezo wenyewe wa kusaka kwa nambari za GPS una umri mdogo. Hadi Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Ilipoacha, siku iliyofuata Dave Ulmer alificha ndoo ya vitu vidogo vidogo huko Oregon, akatangaza nambari za mahali pale kwenye intaneti, na watu wakaenda kuitafuta. Skauti, bila shaka, walikuwa wakifuata alama za njiani miaka mingi kabla ya hapo.

Wengi hudhani kila mtoto lazima awe na simu. Si kweli, na shule nyingi haziruhusu hata hivyo. Simu ya mwalimu inatosha, tena bila bando: kupokea mawimbi ya setilaiti hakuhitaji intaneti, kinachokula bando ni ramani. Mwalimu atangulie kupita njia yote na kuandika nambari. Kila kundi lipewe dira na karatasi, likokotoe umbali na upande wa kwenda, kisha lihesabu hatua. Lakini asitarajie miujiza. Chini ya miti au bondeni, simu inaweza kukosea kwa mita kumi na zaidi, kwa hiyo achague shabaha kubwa, kama mti wa mukinduri uliosimama peke yake au daraja. Kijikopo kilichofichwa kwenye ua hakitaonekana.

Misako mingi huharibikia kwenye maswali. "Kituo hiki kina milango mingapi?" ni kupoteza asubuhi. Swali zuri humlazimisha mtoto kusimama pale na kuzungumza na mtu. Kila mtoto wa milima hii ya Nyambene anajua kwamba chai huchumwa majani mawili na chipukizi. Basi muulize: mkulima akileta jani la tatu, karani wa kituo cha kupimia hufanya nini, na hulitambuaje ndani ya gunia lililojaa? Jibu hilo halimo kitabuni, na karani atalieleza huku mkono wake ukiwa ndani ya gunia.

Kundi liwe la watoto wanne au watano, mmoja wao awe mwandishi. Wakizidi hapo, wengine hutembea tu. Wenye mashamba, hasa ya miraa, waombwe ruhusa mapema: kundi la watoto linalozungukazunguka kati ya miti ya mtu na karatasi mkononi litaulizwa maswali makali kuliko yaliyo kwenye karatasi yenyewe. Siku ya soko iepukwe, maana boda boda hawana subira na mtoto anayehesabu hatua.

Wakirudi darasani, hesabu ya penseli iwekwe kando ya hesabu ya hatua. Hazitalingana. Hatua zitakuwa nyingi zaidi, kwa sababu njia za Nyambene hupinda kukwepa mabonde, na mtu anayepanda mlima hufupisha hatua. Kundi lenye tofauti kubwa zaidi ndilo lianze kueleza lilipita wapi.