Dawa ya Mtoto Ipimwe, Isikadiriwe



Katika vijiji tunavyopita, watu hutuuliza, "Tumeshajua kusoma na kuandika. Sasa kisomo hiki tukifanyie kazi gani?" Jibu moja liko pale nyumbani kwako, juu ya kabati, ndani ya bahasha ndogo ya dawa ya mtoto. Juu ya bahasha hiyo mganga ameandika maneno machache na tarakimu chache. Mzazi akizisoma vizuri, dawa inamsaidia mtoto. Akizisoma vibaya, dawa ile ile inaweza kumdhuru, hata kumuua.

Basi leo tuzungumze namna ya kuwapa dawa watoto wachanga na watoto wadogo. Neno letu kubwa ni moja tu: dawa ya mtoto hupimwa. Haikadiriwi kwa macho.

KILO ZA MTOTO NDIZO HUAMUA

Wako watu husema, "Mkubwa anameza vidonge viwili, basi mdogo apewe kimoja." Hesabu hii siyo sahihi. Mtu mzima anaweza kuwa na kilo 60. Mtoto wa miezi minane anaweza kuwa na kilo 8. Mtu mzima huyo ni mzito kuliko mtoto zaidi ya mara saba! Tena ini na figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa. Viungo hivyo ndivyo vinavyoitoa dawa mwilini. Kwa hiyo dawa ikizidi, hukaa mwilini muda mrefu na kugeuka sumu.

Tuchukue mfano wa parasetamoli, dawa ya homa na maumivu, ambayo wengi wetu tunaiita Panadol. Kidonge kimoja cha mtu mzima kina miligramu 500. Dawa ya maji ya watoto inayopatikana sana ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto hupimiwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo yake. Kwa hiyo mtoto wa kilo 8 zinamtosha miligramu 80 hadi 120 kwa mara moja. Ukimpa kidonge kizima cha mkubwa, umempa zaidi ya mara nne!

Parasetamoli ikizidi huharibu ini. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana hana neno. Mzazi hudhani mambo ni mazuri, kumbe ini linaharibika. Ukigundua kwamba dawa imezidi, usingoje dalili. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, na uende na chupa au bahasha ya dawa.

Kwa sababu hiyo, kila uendapo zahanati au duka la dawa, chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Uzito wake umeandikwa humo. Kama hajapimwa siku nyingi, omba apimwe upya kabla ya kuandikiwa dawa.

TUJIFUNZE KUSOMA BAHASHA

Mara nyingi mganga huandika hivi: 1 x 3. Alama hii ya x siyo ile ya kosa tuliyoizoea katika daftari. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge. Tarakimu ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 1 x 3 ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Ukiigeuza ukampa vidonge vitatu mara moja, umempa dawa ya siku nzima kwa mkupuo. Ukiona ½ x 2, hiyo ni nusu kidonge, mara mbili kwa siku.

Mara tatu kwa siku maana yake ni kila baada ya saa 8. Mara mbili ni kila baada ya saa 12. Ukianza saa 1 asubuhi, dawa ya pili ni saa 1 usiku. Usitoe ya asubuhi na ya jioni kwa pamoja ati kwa kuwa unakwenda shamba.

Sasa angalieni nukta. Nukta ni ndogo kama kichwa cha sisimizi, lakini ina nguvu nyingi. Mililita 2.5 ni mbili na nusu. Mililita 25 ni ishirini na tano. Asiyeiona nukta atampa mtoto dawa mara kumi zaidi! Kama mwandiko hausomeki, usibahatishe. Sema, "Daktari, tafadhali niandikie kwa maneno." Kuuliza siyo ujinga, maana mtoto ni wako.

Soma pia tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iliyopitwa na tarehe hiyo asipewe mtu.

KIJIKO CHA NYUMBANI SIYO KIPIMO

Kijiko cha chai cha nyumba hii siyo sawa na cha nyumba ile. Kimoja hubeba mililita 3, kingine 7. Kifuniko cha soda nacho siyo kipimo. Tumia kikombe kidogo, kijiko, au bomba la kupimia lililokuja na dawa. Kama halikuja, omba bomba la sindano lisilo na sindano. Ondoa kile kifuniko chake kidogo ukitupe mbali, kwa sababu kinaweza kumkaba mtoto kooni.

Ukitumia kikombe, kiweke juu ya meza, kisha inama uangalie mstari ukiwa sawasawa na macho yako. Ukiangalia kutoka juu, unaweza kukosea.

Kama chupa imeandikwa "Tikisa kabla ya kutumia," itikise kila mara. Dawa ya namna hiyo hutuama chini kama machicha. Usipotikisa, siku za kwanza mtoto atakunywa maji matupu, na siku za mwisho atakunywa dawa kali mno.

Dawa nyingine huja kama unga ndani ya chupa. Ni afadhali mwuza dawa akuchanganyie mbele yako. Kama unachanganya mwenyewe, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na usipite alama ya chupa. Dawa nyingi za namna hii zikishachanganywa hudumu siku 7 tu zisipokuwa ndani ya friji. Soma chupa yako inasemaje. Inayobaki imwagwe, isiwekewe mdogo wake.

NAMNA YA KUMNYWESHA

Nawa mikono kwa sabuni. Mpakate mtoto akiwa ameketi, kichwa kikiwa juu kidogo. Tia dawa kidogo kidogo upande wa ndani wa shavu. Ngoja ameze, halafu ongeza. Usimlaze chali, wala usimzibe pua ili ameze. Dawa inaweza kuingia mapafuni.

Kidonge cha mtoto kipondwe, au kiyeyushwe katika kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Lakini uliza kwanza, kwa sababu viko vidonge visivyofaa kupondwa. Usikichanganye kwenye bakuli zima la uji. Mtoto akiacha nusu ya uji, ameacha na nusu ya dawa.

Usimwambie mtoto kwamba dawa ni pipi. Siku moja ataitafuta hiyo pipi mwenyewe. Dawa zifungiwe juu, mahali asipofika.

Tena kuna hatari moja iliyo katika nyumba zenye upendo. Mama ametoa dawa asubuhi akaenda kisimani. Bibi naye, kwa huruma, akatoa tena. Mtoto amepata dozi mbili na hakuna mwenye nia mbaya. Dawa yake ni karatasi. Chora mistari, andika siku na saa, ubandike ukutani. Anayetoa dawa atie alama ya vema. Mwingine akija asome kwanza. Hiyo ndiyo faida ya kisomo.

MALIZA DOZI

Homa siyo malaria kila mara. Mtoto apimwe damu kwanza. Akikutwa na malaria isiyo kali, hapa Tanzania hupewa dawa mseto ya ALu, ambayo ilianza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006. Ile klorokwini ya zamani iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, maana vijidudu vilikuwa vimeizoea. Ukiambiwa na mtu aitafute, usifuate ushauri huo.

Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya kilo 15 hupewa kidonge kimoja cha mseto kila mara. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Hupewa mara sita katika siku tatu. Ukianza saa 2 asubuhi, ratiba ni hii:

Siku ya kwanza: saa 2 asubuhi na saa 10 jioni.
Siku ya pili: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku.
Siku ya tatu: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku.

Ona kwamba siku ya kwanza dawa ya pili hutolewa baada ya saa 8. Kuanzia siku ya pili ni kila saa 12. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, au umnyonyeshe, ili dawa ifanye kazi vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha nenda zahanati wakupe kidonge cha kufidia. Akitapika tena, mrudishe.

Siku ya pili homa hushuka na mtoto huanza kucheza. Hapo ndipo wengi hukatiza dozi na kuweka vidonge akiba. Jamani, tusifanye hivyo! Vijidudu vilivyobaki hai vinaweza kuongezeka tena na homa ikarudi.

Na kuharisha ni vivyo hivyo. Mtoto hupewa maji ya ORS na vidonge vya zinki. Chini ya miezi 6 ni nusu kidonge cha miligramu 20 kwa siku. Kuanzia miezi 6 ni kidonge kizima. Zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14, kama mganga alivyoandika, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. ORS ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, isikae zaidi ya saa 24. Ukitia maji kidogo kuliko kipimo, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Aendelee kunyonya na kula.

MAMBO YA KUKATAA

Kataa dawa isiyo na maandishi. Kataa dawa ya barabarani au ya mnadani. Mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa kwa kuharibika figo. Walihusishwa na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokuwa na sumu ndani yake. Nunua dawa duka lenye kibali tu.

Asprini asipewe mtoto bila amri ya mganga. Dawa ya kikohozi ya watu wazima asipewe. Asali asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Mtoto chini ya miezi 6 hahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama, na dawa au chanjo aliyoandikiwa. Wala usimpe mtoto wako dawa iliyobaki ya mtoto wa jirani, hata kama wote wanakohoa. Ugonjwa unaweza kuwa mwingine, na kilo ni nyingine.

USINGOJE

Mpeleke mtoto zahanati mara moja, hata usiku, ukiona mojawapo ya dalili hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au hazinduki, anapumua kwa shida. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa, usimtibu nyumbani. Na mtoto yeyote akivimba uso au akishindwa kupumua baada ya dawa, acha dawa hiyo ukimbie zahanati.

Wazee wetu mwaka 1973 walikaa katika vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya, wakasoma, wakajadiliana, wakatenda. Nasi tukae hivyo hivyo. Baba naye awepo, maana siku mama akiwa safarini, ni yeye atakayeshika kijiko.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Bahasha imeandikwa ½ x 3. Mtoto atapewa nini, na saa ngapi?
2. Kuna tofauti gani kati ya mililita 2.5 na mililita 25?
3. Mtoto amepewa dawa mseto mara ya kwanza saa 4 asubuhi. Dawa ya pili ni saa ngapi?
4. Leteni vijiko vya chai vya nyumba tano. Pimeni maji kwa bomba. Je, vijiko vyote vinabeba sawa?
5. Katika kijiji chetu, ni mahali gani watu hununua dawa isiyo na maandishi? Tufanye nini?