Kwato za punda wa Handeni na mafundi wanaozisomea

Barabara ya lami ya kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni inaanzia kwenye bonde la Mto Pangani, penye mashamba ya mkonge, na kuishia kwenye nchi kavu ambako watu huhesabu siku kwa madumu ya maji. Katika vijiji vya upande wa Handeni, hasa kwa familia za wafugaji, anayebeba madumu hayo mara nyingi ni punda. Manne ya lita 20 kwa safari moja ni kilo 80 mgongoni, mzigo mzito kwa punda wetu wadogo. Anayemswaga, mara nyingi, ni mtoto.

Siku punda akianza kuchechemea, nyumbani bado maji yanahitajika. Dumu linahama kutoka mgongo wa mnyama kwenda kichwani kwa mama na kwa binti yake. Mtoto aliyezoea kufika shuleni kengele ikilia anaingia darasani kipindi cha pili, shingo ikimuuma.

Ndiyo maana ukwato wa punda ni habari ya wazazi.

Ukwato umetengenezwa kwa kitu kilekile kinachotengeneza ukucha wa binadamu. Ganda la nje halina hisia, ndiyo sababu linaweza kukatwa na hata kupigiliwa msumari bila mnyama kuumia, ilimradi anayepigilia anajua ganda linaishia wapi. Ndani yake kuna nyama hai, mishipa na mfupa. Kosa la nusu sentimita tu linatosha kumlemaza mnyama kwa wiki kadhaa.

Kwa sababu hiyo, Uingereza haiachi kazi hiyo kwa kila mwenye nyundo. Tangu sheria ya mwaka 1975, mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kumvisha farasi viatu vya chuma, hata kama farasi ni wake. Kijana anayetaka ufundi huo hukaa chini ya fundi mkuu kwa takriban miaka minne, akifua chuma kwenye fuawe na kusoma mifupa na mishipa ya mguu, ndipo afanye mtihani. Akitaka kupanda ngazi, kuna mitihani mingine miwili mbele yake, na wa mwisho hufaulu wachache sana.

Baadhi yao hawakuishia hapo. Simon Curtis, fundi wa kwato kutoka Newmarket, mji maarufu kwa farasi wa mbio, alifanya kazi ya nyundo na tupa kwa miaka mingi kabla ya kupata shahada ya uzamivu kwa utafiti wa kwato za watoto wa farasi. Aliona kwamba sehemu ya ukwato iliyo juu kabisa mtoto anapozaliwa hushuka hadi kugusa ardhi kwa takriban siku 145, yaani miezi mitano hivi. Kwa farasi mkubwa safari hiyo huchukua karibu mwaka mzima. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye mguu uliopinda anayo miezi michache tu ya kurekebishwa kwa kupunguzwa ukwato kwa ustadi. Mzazi yeyote aliyewahi kuhimizwa asiruke tarehe za kliniki ataielewa hesabu hiyo haraka. Curtis ameandika vitabu na huzunguka nchi mbalimbali akifundisha mafundi wenzake.

Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell kimekuwa na mafunzo ya ufundi wa kwato ndani ya chuo chake cha udaktari wa mifugo kwa takriban karne moja. Fundi hushika mguu wa mnyama, daktari husoma picha ya eksirei, na mwanafunzi husimama katikati akijifunza kwa wote wawili. Mpangilio huo ni wa akili: daktari huona mguu unapougua, lakini fundi huuona kila baada ya wiki chache ukiwa mzima, na mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba kuna jambo.

Handeni haina farasi wa kuvishwa viatu. Waliletwa kwa wingi mwaka 1916, wakati majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalipopita Korogwe na Handeni yakiwafukuza Wajerumani, na maelfu ya farasi wa vita hiyo walikufa kwa magonjwa, hasa nagana inayoletwa na mbung'o. Punda huvumilia zaidi, akabaki. Kwa kawaida hatembei na viatu vya chuma, lakini kwato zake nazo hukua kila siku. Akitembea sana kwenye mawe huzisugua mwenyewe. Akifungwa muda mrefu kwenye udongo laini, huwa ndefu, hupinda na kupasuka. Masika yana balaa lake: ukwato wa punda umeumbwa kwa nchi kavu, hunyonya maji, hulainika na kuanza kuoza kwa ndani.

Hapo ndipo panga hutoka ndani. Mwenye punda anamfunga, anamwangusha, anakata kwa kukisia. Kinachotakiwa ni koleo, kisu kifupi na tupa, na kupunguza kidogo kidogo kila baada ya wiki sita hadi 10. Shirika la Brooke, lililoanzia Cairo mwaka 1934, hufundisha mafundi wa kwato katika nchi kadhaa za Afrika na Asia. Hao hawakukaa darasani Newmarket, ila wanachofundishwa kimetokana na vipimo vya watu waliokaa.

Panga lina hatari nyingine, na jina lake tayari limembeba mnyama: pepopunda. Mbegu za kimelea chake hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha punda, farasi na wanyama wengine. Huingia kupitia jeraha, hasa dogo na lenye kina, kama la msumari au mwiba. Punda anaweza kuupata akikatwa vibaya, na mtoto anayemshikia mguu akajikata anaweza kuupata pia. Dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya siku tatu na 21: taya kukaza, kushindwa kumeza, mgongo kujipinda.

Chanjo ipo. Mtoto huipata ndani ya chanjo ya pentavalenti akiwa na wiki sita, 10 na 14, na mjamzito huchomwa yake kliniki. Mtoto mkubwa akijeruhiwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha apelekwe kituo cha afya pamoja na kadi yake, kwa sababu kinga ya utotoni hupungua na huenda akahitaji dozi nyingine. Majivu na kinyesi havipakwi kwenye jeraha, hata kama bibi alivitumia.

Kwa kijana anayependa wanyama kuliko hesabu za kitabuni, mlango wa karibu ni Buhuri, Tanga, kwenye kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA. Wa mbali zaidi ni Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinachosomesha madaktari wa mifugo. Ng'ombe huchukua nafasi kubwa ya masomo hayo, jambo linaloeleweka, ingawa ng'ombe habebi maji ya familia.

Na punda anayechechemea wiki hii? Apumzishwe mzigo kwanza. Mtu mzima, akisimama ubavuni na kamwe si nyuma, ainue mguu, atoe mawe na tope kwa kijiti butu, atazame kama kuna ufa, harufu ya kuoza au sehemu yenye joto. Akiviona, panga libaki ndani na aitwe ofisa mifugo wa kata. Mtoto akae mbali na mateke.