Diski Ipo, Gemu Haimo

Oktoba 2022, gemu ya Call of Duty: Modern Warfare II ilipoingia sokoni, walionunua boksi lake la PS5 walikuta kioja. Diski za mashine ile zinaweza kubeba hadi gigabaiti 100. Hii ilikuwa na megabaiti 70 hivi. Gemu yenyewe ilikuwa kwenye seva za kampuni, na mnunuzi aliyekwenda dukani akalipa bei kamili alirudi nyumbani kuipakua yote kwa intaneti yake, sawasawa na jirani aliyeinunua akiwa amejilaza kwenye kochi.

Mjadala wa kama gemu zote zitahamia mtandaoni umekuwa ukiendeshwa kwa kuhesabu maboksi madukani. Hesabu hizo zinajulikana. Kwa Sony, zaidi ya theluthi mbili ya gemu kamili za PlayStation sasa zinauzwa kwa kupakuliwa. Nintendo wamefika karibu nusu. Kwenye kompyuta, diski ilishazikwa zamani. Lakini boksi linaweza kubaki rafuni miaka mingi na bado likawa halina kitu. Mimi ningeanza kwa kulifungua.

Wazo la kusafirisha gemu kwa waya lina umri mkubwa kuliko wengi wa wanaobishana juu yake. Mwaka 1983, Marekani, kampuni ya Control Video ilikuwa ikituma gemu za Atari 2600 kwa njia ya simu ya mezani, huduma iliyoitwa GameLine. Biashara ile ilikufa upesi, ila kutoka kwenye mabaki yake ndiko ilikozaliwa America Online. Miaka mitatu baadaye, Japani, Nintendo waliweka mashine madukani ambazo mtoto alikwenda na diski yake laini, akalipa yeni 500, gemu ya zamani ikafutwa na mpya ikaandikwa juu yake. Kisha ikaja Steam ya kampuni ya Valve, Septemba 2003. Mwaka uliofuata, aliyenunua diski za Half-Life 2 alilazimika kufungua akaunti ya Steam ndipo acheze. Watu walilalamika sana. Leo hata kompyuta zenye tundu la kuingizia diski zimekuwa adimu.

Kwenye mashine za sebuleni diski iliishi zaidi, na sababu zake ni za fizikia. CD husomwa kwa leza isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780. DVD hutumia leza nyekundu ya nanomita 650, na Blu-ray leza ya samawati inayokaribia zambarau, nanomita 405. Wimbi likiwa fupi, nukta ya mwanga inakuwa ndogo, na vishimo vinavyobeba data vinaweza kubanwa zaidi. Njia za data kwenye CD zimeachana kwa maikromita 1.6, kwenye Blu-ray ni 0.32. Ndiyo maana sahani zenye upana uleule zimepanda kutoka megabaiti 700 hadi gigabaiti 4.7, kisha 25 kwa tabaka moja, na hadi 100 zikipangwa tabaka tatu na data ikabanwa zaidi.

Utengenezaji wake ni rahisi kupita unavyodhani. Plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa kwenye muhuri wa chuma wenye umbo la data yote, inapoa, inapakwa utando mwembamba sana wa metali ili irudishe mwanga, na sekunde chache baadaye inayofuata inaingia. Tabaka likiwa tupu au limejaa, gharama ni ileile. Kwa hiyo ile diski ya megabaiti 70 haikuokoa hata senti ya plastiki. Ilimwokolea mtengenezaji muda: gemu haikulazimika kuwa imekamilika siku kiwanda kilipoanza kugonga muhuri.

Tatizo la diski ni mwendo. PS5 husoma Blu-ray, ikiwa katika kasi yake ya juu, kwa megabaiti 45 hivi kwa sekunde. Hifadhi yake ya ndani, ambayo haina kitu kinachozunguka, husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Tofauti inapita mara 100. Kibaya zaidi, kitu kinachozunguka kina kichwa cha kusomea kinacholazimika kukimbia huku na kule kutafuta data, na kila safari inakula muda. Mwaka 2020, Mark Cerny, mhandisi aliyesanifu PS5, alieleza kwamba katika gemu ya Spider-Man ya PS4 kulikuwa na vipande vya data vilivyonakiliwa mara 400 kwenye hifadhi ya mashine. Vilikuwa vya vitu vidogo vya mtaani kama masanduku ya barua. Spider-Man akipaa juu ya New York, kichwa cha kusomea hakikuwa na nafasi ya kurudi nyuma kulitafuta sanduku, hivyo kila mtaa ulipewa nakala yake.

Kutokana na hilo, tangu mashine za mwaka 2013, gemu huhamishwa kwanza kutoka kwenye diski na kuwekwa ndani ya mashine. Ukishamaliza, diski haisomwi tena kwa ajili ya kucheza. Inabaki mle ndani ili mashine ihakikishe kwamba unayo. Diski ilipogeuka kitambulisho, ilikuwa ni suala la muda tu kabla mtu hajauliza kwa nini kitambulisho kibebe gigabaiti zote zile.

Nintendo ndio waliouliza kwa sauti. Switch 2 ilipotoka Juni 2025 ilikuja na kadi za aina mbili. Ya kwanza ina gemu ndani. Ya pili ina ufunguo tu: unaichomeka, gemu inapakuliwa, na kadi lazima ibaki imechomekwa kila unapocheza. Kadi, tofauti na diski, ni chipu ya kumbukumbu, na huko kila gigabaiti ina bei. CD Projekt Red walikubali gharama na kuitoa Cyberpunk 2077 nzima ndani ya kadi ya gigabaiti 64. Kampuni nyingine nyingi zikachagua ufunguo. Mkulima wa korosho wa Mtwara angeielewa kadi hii bila maelezo, kwa kuwa ni stakabadhi ghalani. Ni halali, inauzika, unaweza kumpa ndugu yako. Mzigo uko kwenye ghala la mtu mwingine.

Na maghala hufungwa. Machi 2023 Nintendo walifunga maduka ya mtandaoni ya Wii U na 3DS, na gemu ambazo hazikuwahi kutolewa kwa njia nyingine zikakosa pa kununuliwa. Mwaka huohuo taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena sokoni kama bidhaa mpya. Sehemu kubwa ya hizo zilitoka kwenye kaseti na diski, na zilizosalia zimesalia kwa sababu kuna mtu mahali fulani mwenye nakala kabatini.

Hapa wapenzi wa diski hupenda kushangilia mapema. Wangoje kidogo. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft ya mwaka 2014, iliuzwa kwa diski halali zenye data ndani. Machi 31, 2024 seva zake zilizimwa, na kwa kuwa haikuweza kuanza bila kuzungumza na seva, diski zote duniani zikawa vioo vya kujitazamia. Tukio hilo ndilo lililozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo kufikia Julai 2025 ilikuwa imekusanya saini zaidi ya milioni moja barani Ulaya. Kwa upande mwingine kuna GOG, duka la Poland linalouza gemu za kompyuta kwa kupakua tu tangu 2008. Ukishapakua faili la GOG, liweke kwenye flashi, lifungie kabatini, lifungue baada ya miaka 20; halikuulizi wewe ni nani. Diski ya The Crew imekufa na faili la GOG linaishi. Plastiki haikumlinda mtu, na waya haukumdhulumu mtu. Kinachoamua ni kufuli.

Wanaoshika kufuli wanajua thamani yake. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza kwamba Xbox One ingekuwa inajiripoti mtandaoni kila saa 24, na kuuziana gemu zilizotumika kungewekewa masharti. Wateja walikasirika kiasi kwamba Juni mwaka huohuo kampuni ilirudi nyuma. Lengo lenyewe halikutupwa. Lilisubiri watu waache diski kwa hiari yao. Sheria za Marekani na Ulaya zinamruhusu mwenye nakala ya kushikika kuiuza, kuiazima au kuigawa bila kumwomba mtunzi ruhusa. Anayepakua kwa kawaida hanunui nakala, anapewa leseni. Mahakama moja ya Paris iliamua mwaka 2019 kwamba wateja wa Steam wana haki ya kuuza tena gemu zao, lakini mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo. California ilichagua njia ya upole: tangu Januari 2025, duka la mtandaoni haliruhusiwi kuandika neno “nunua” bila kumweleza mteja kwamba anachopata ni leseni. Na masharti ya Steam hayaruhusu akaunti kuhamishwa kwa mtu mwingine, hata kwa wosia. Kwa watu tunaogawana mirathi hadi masufuria, hilo si jambo dogo.

Afrika Mashariki mambo haya yana sura yake. Kibanda cha PS cha uswahilini, chenye televisheni mbili tatu na padi zilizofungwa gundi, kiliishi kwa gemu za mkono wa pili: diski ya mpira wa miguu ya msimu uliopita, iliyopita kwa wamiliki watatu kabla ya kufika kwako, na kwa enzi ya PS2, nakala za kuchoma zilizochezwa kwenye mashine zilizowekewa chipu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kadi ya benki wala akaunti. Duka la mtandaoni kwa kawaida linataka vyote viwili, tena linataka uwe umezaliwa nchi inayofaa. Kusini mwa Sahara, mtandao wa PlayStation umefunguliwa rasmi Afrika Kusini tu. Mzanzibari anayeishi Muscat anafungua akaunti ya Oman bila shida. Binamu yake aliyebaki Unguja anajiandikisha kama mkazi wa Uingereza au Marekani, anatafuta kadi za malipo za huko, na kila kitu alichonunua kinakaa juu ya anwani isiyo yake. Mei 2024, Sony walipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170. Sharti lenyewe lilifutwa ndani ya siku chache baada ya makelele.

Halafu kuna hesabu ya bando. Gemu ya gigabaiti 100 kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, isiyokatika hata mara moja, inachukua saa 11. Kwa megabiti 5 ni karibu siku mbili. Diski inaimaliza kazi hiyo kwa saa moja hivi, na haina habari kama nyaya za EASSy na SEACOM zimekatika baharini, kama zilivyokatika Mei 2024 na kuacha nchi nzima zikitambaa. Kiuchumi, hapa ndipo diski ingestahili kuishi muda mrefu kuliko kote. Ila soko letu si kubwa kiasi cha kuamua viwanda vya nje vifanye nini.

Na viwanda ndivyo vitakavyosema la mwisho. Gemu hazijawahi kuibeba Blu-ray peke yake. Zimepanda mgongoni kwa filamu. Samsung waliacha kutoa vicheza Blu-ray vipya tangu 2019, LG wakaacha 2024, na Februari 2025 Sony wenyewe walisimamisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia. Leza na vipuri vikiwa na wanunuzi wachache, bei ya tundu la diski inapanda, na tundu linageuka la hiari. PS5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa dola 699.99 bila tundu; aliyelitaka aliongeza dola 79.99.

Utabiri wangu ni kwamba boksi halitakufa, kama sahani za santuri zisivyokufa. Wakusanyaji watalinunua kwa bei ya juu. Alan Wake 2 ilitoka 2023 kwa kupakua tu, na mwaka mmoja baadaye ikatolewa diski kwa waliokuwa tayari kulipia. Kitakachopungua haraka ni boksi la kawaida lenye gemu nzima ndani, lile linaloweza kushuka ngazi hadi likafika kibandani. Kwa hiyo anayenunua PS5 ya mtumba Kariakoo mwaka huu aangalie kwanza kama ina tundu la diski. Kama tundu ni lile la kuchomeka kando, aende na intaneti ya simu mfukoni: halikubali kusoma diski yoyote mpaka lisajiliwe kwanza kwenye mashine hiyo kupitia seva za Sony.