Kwa nini dai la fidia ya madhara ya chanjo hufutwa kwa kutotii amri za mahakama

Ukiwa unaishi Marekani na unaamini kwamba chanjo ilikudhuru wewe au mtoto wako, sheria inakupa njia ya kudai fidia bila kumshtaki daktari wala nesi. Hata hivyo, baadhi ya madai huishia njiani kabla mtu yeyote hajaamua kama chanjo ndiyo iliyoleta madhara. Sababu ni kwamba mdai alipewa amri na mahakama, tarehe ikapita, na hakujibu.

Ukurasa huu unaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, maana yake, na unachoweza kufanya ili lisikupate.

Mpango wa fidia ni nini?

Chanjo, kama dawa nyingine yoyote, inaweza kuleta madhara. Mengi ni madogo na hupita yenyewe: mkono kuuma, uchovu, homa ya siku moja au mbili. Madhara makubwa ni nadra. Kwa mujibu wa takwimu za serikali ya Marekani, tangu 2006 ni takriban mtu mmoja aliyelipwa fidia kwa kila dozi milioni moja zilizosambazwa.

Kwa ajili ya watu hao wachache, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1986, na mpango wa fidia ukaanza kazi tarehe 1 Oktoba 1988. Mpango huo hujulikana kwa kifupi kama VICP. Fedha zake hutokana na kodi ya senti 75 inayotozwa kwenye kila dozi kwa kila ugonjwa unaokingwa. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela hukinga magonjwa matatu, kwa hiyo hutozwa dola 2.25.

Katika mpango huu huhitaji kuthibitisha kwamba mtu fulani alifanya kosa. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ulipata chanjo iliyomo katika orodha ya mpango, kwamba uliumia, na kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko sivyo kuwa chanjo ndiyo iliyosababisha. Kwa kawaida madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yamesababisha kulazwa hospitalini na kufanyiwa upasuaji, au kifo.

Dai hufunguliwa katika Mahakama ya Madai ya Serikali Kuu, iliyoko Washington. Anayejibu dai ni Waziri wa Afya wa Marekani, akiwakilishwa na mawakili wa Idara ya Sheria. Uamuzi hutolewa na hakimu maalumu anayeshughulikia kesi za chanjo.

Kwa nini mahakama inadai nyaraka nyingi?

Sheria hairuhusu hakimu maalumu kutoa fidia kwa maneno ya mdai peke yake. Lazima maneno hayo yaungwe mkono na rekodi za matibabu au maoni ya daktari. Hata kama hakimu anakuamini, bila karatasi hana uwezo wa kukupa fidia.

Chukua mfano wa baba anayefanya kazi katika kiwanda cha nyama huko Iowa. Anachomwa chanjo ya mafua, na siku ileile bega linaanza kuuma. Miezi minane baadaye bado hawezi kuinua mkono kufikia rafu ya juu. Jeraha la bega linalotokana na jinsi sindano ilivyochomwa limo katika jedwali la mpango tangu 2017, ikiwa maumivu yalianza ndani ya saa 48. Dai lake lina msingi.

Lakini ili kulithibitisha anahitaji rekodi ya chanjo yenye tarehe na mkono uliochomwa, rekodi za daktari wake za kabla ya chanjo, maelezo ya kila alipokwenda kutibiwa bega, picha zilizopigwa, na rekodi za mazoezi ya viungo. Sheria inataka rekodi hizi ziwasilishwe pamoja na dai lenyewe. Zikipungua, hakimu hutoa amri: leta rekodi fulani ifikapo tarehe fulani.

Dai linafutwaje?

Turudi kwa baba yule. Kazi imekwisha Iowa, amehamia Nebraska kwa shemeji yake. Namba ya simu amebadilisha. Wakili wake anapiga simu, hapokelewi. Anaandika barua, inarudi. Baada ya muda wakili anaiomba mahakama ajitoe, kwa kuwa hawezi kumtetea mtu asiyempata. Akiruhusiwa, baba sasa anajiwakilisha mwenyewe, hata kama hajui.

Kuanzia hapo barua za mahakama zinakwenda kwenye anwani ya zamani. Hatua kwa kawaida hufuatana hivi:

1. Amri ya kuwasilisha rekodi au ripoti ya hali ya shauri, yenye tarehe ya mwisho.
2. Tarehe ikipita, amri ya pili, mara nyingi yenye onyo.
3. Amri ya kujieleza. Hapa hakimu anamtaka mdai aeleze kwa nini shauri lake lisifutwe. Hii ndiyo kengele ya mwisho.
4. Kimya kikiendelea, uamuzi wa kufuta dai.

Kanuni ya 21 ya kesi za chanjo inampa hakimu maalumu mamlaka ya kufuta dai ikiwa mdai haliendelezi, au hafuati kanuni na amri za mahakama. Kwa kawaida hakimu hafuti kwa kukosea tarehe moja tu. Huangalia kama mdai alionywa, mara ngapi, na kama alijibu chochote. Mdai anayejiwakilisha mwenyewe huvumiliwa zaidi katika namna anavyoandika hati zake, lakini haondolewi wajibu wa kujibu.

Kufutwa huko kunamaanisha nini?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa pande mbili.

Wako wanaosikia kwamba dai fulani limefutwa na kusema, "Mahakama imethibitisha chanjo haikumdhuru." Wengine husema, "Mahakama inaficha madhara ya chanjo." Dai likifutwa kwa kutotii amri, kauli zote mbili si sahihi. Mara nyingi uamuzi huongeza kuwa ushahidi uliopo hautoshi, lakini hautoshi kwa sababu haukuletwa. Swali la kama chanjo ilimdhuru yule baba halikupata jibu. Ukitumiwa habari ya kesi kama hiyo kwenye simu, uliza kwanza: ilifutwa kwa sababu gani?

Kwa mdai mwenyewe, hasara ni ya kweli. Dai linatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Ikiwa ni kifo, ni ndani ya miaka 2 tangu kifo na miaka 4 tangu dalili ya kwanza ya madhara yaliyosababisha kifo hicho. Muda huu haumsubiri mtoto akue. Kwa hiyo dai likifutwa, mara nyingi muda wa kufungua jingine umekwisha. Na kushtaki kampuni iliyotengeneza chanjo ni kugumu: mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya 1986 inazuia kesi zinazodai kuwa chanjo ilibuniwa vibaya.

Kinachopotea ni gharama za matibabu ya baadaye, mshahara uliokosekana, na fidia ya maumivu ambayo inaweza kufikia dola 250,000.

Nifanye nini ili dai langu lisifutwe?

Toa taarifa kila unapohama. Ukibadilisha anwani, simu au barua pepe, mwambie wakili wako siku hiyohiyo. Kama huna wakili, iandikie mahakama na utaje namba ya kesi yako. Kuwaambia posta pekee hakutoshi.

Fungua kila barua. Barua za mahakama huja kwa Kiingereza. Usiiweke pembeni ukisubiri mtoto atoke shule akusomee kwa haraka. Tafuta mtu mzima unayemwamini, au upeleke kwenye shirika linalosaidia wahamiaji, na muulize mambo mawili kwanza: wananitaka nilete nini, na mwisho ni lini? Andika tarehe hiyo ukutani.

Omba muda kabla tarehe haijapita. Hospitali ikichelewesha rekodi, si kosa lako, lakini hakimu hawezi kujua usipomwambia. Barua fupi inayosema "Niliomba rekodi tarehe fulani, bado sijapewa, naomba siku 30 zaidi" ni jibu kamili. Tunza nakala ya kila ombi ulilopeleka hospitalini.

Dai rekodi zako. Ni haki yako kisheria kupata nakala za rekodi zako za matibabu, na kwa kawaida hospitali au kliniki inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa pia kukupa mkalimani bila malipo. Rekodi zikikataliwa kabisa, unaweza kumwomba hakimu maalumu ruhusa ya kuzidai kwa hati ya mahakama.

Tafuta wakili, usiogope gharama. Katika mpango huu wakili halipwi kutoka mfukoni mwako wala hakati sehemu ya fidia yako. Mpango ndio unaomlipa, hata ukishindwa, ilimradi dai lililetwa kwa nia njema na lina msingi wa kueleweka. Mahakama ina orodha ya mawakili wanaochukua kesi za chanjo kwenye tovuti yake.

Usichanganye taarifa na dai. Daktari wako akitoa taarifa ya madhara kwenye mfumo uitwao VAERS, anasaidia serikali kufuatilia usalama wa chanjo. Hilo ni jambo jema, lakini si dai la fidia, na halisimamishi saa ya miaka 3.

Kama hutaki kuendelea, sema. Watu huchoka, huugua, hubadili mawazo. Kuna utaratibu wa kuliondoa dai mwenyewe. Ongea na wakili kwanza, kwa sababu namna unavyoliondoa inaweza kugusa haki zako nyingine.

Je, ikiwa tayari nimepata amri ya kujieleza?

Jibu kabla ya tarehe iliyoandikwa, hata kama huna rekodi zote. Eleza ukweli kwa maneno mepesi: ulihama, ulilazwa, ulifiwa, barua hukuziona. Ambatisha ulichonacho, na taja ni lini utaleta kilichobaki. Kisha tekeleza. Ahadi inayovunjwa baada ya amri hii ndiyo inayomaliza shauri.

Na ikiwa dai limeshafutwa?

Usikae. Una siku 30 tangu uamuzi kuomba upitiwe upya na jaji wa Mahakama ya Madai ya Serikali Kuu. Muda huu ni mfupi na hushikiliwa kwa ukali. Peleka uamuzi huo kwa wakili siku unapoupata.

Vipi kuhusu chanjo ya UVIKO-19?

Madai ya chanjo ya UVIKO-19 huenda kwenye mpango mwingine, CICP. Huo hauendeshwi na mahakama, haulipi mawakili, na muda wake ni mwaka 1 tu tangu siku ya kuchanjwa. Ukipeleka dai mahali pasipo pake, muda unaendelea kuhesabiwa.

Mambo ya kukumbuka

- Dai likifutwa kwa kutotii amri, mahakama haijasema kwamba chanjo ilikudhuru wala kwamba haikukudhuru.
- Miaka 3 huhesabiwa tangu dalili ya kwanza, si tangu daktari alipokuambia chanzo chake.
- Kuomba muda ni kujibu. Kukaa kimya si kujibu.
- Anwani yako ya sasa lazima iwe mikononi mwa wakili wako, au mahakamani kama huna wakili.
- Wakili katika mpango wa VICP halipwi na wewe.

Ukurasa huu unatoa maelezo ya jumla na hauchukui nafasi ya ushauri wa wakili. Na ukiwa na dalili kali baada ya chanjo, kama kushindwa kupumua, kuvimba uso au mwili kuishiwa nguvu, piga simu 911 au nenda hospitali mara moja. Matibabu kwanza, rekodi zitakazoandikwa siku hiyo ndizo zitakazokuwa ushahidi wako baadaye.