Mchwa aliyewatangulia watafuta dhahabu

Ukitoka Kisumu kwa matatu ukapita Ahero, Kisii na Rongo hadi Migori, halafu ukashika njia ya Macalder, utaona vichuguu mashambani. Wewe utaona mchwa tu. Mwanajiolojia ataona kibarua asiyedai mshahara: mchwa hupandisha udongo kutoka chini sana, mahali jembe halifiki.

Ndiyo maana wanaotafuta dhahabu huweza kuchota udongo wa kichuguu, wakauchekecha, wakautia kwenye mfuko wenye namba na kuupeleka maabara. Pasipo kichuguu wanachimba kishimo, wanahesabu hatua, wanachimba kingine, kwa mstari ulionyooka. Ni jua na miba siku nzima, na hakuna kinachong'aa.

Maabara nayo haitafuti kipande cha dhahabu. Udongo wa kawaida huwa na gramu chache tu katika tani elfu moja. Kiasi kikipanda mara kumi, tena kwenye vishimo kadhaa vinavyofuatana, hapo kuna jambo. Wakati mwingine anayetoboa siri ni aseniki, sumu ambayo mara nyingi hukaa pamoja na dhahabu mwambani. Lakini karibu na mashine za kusaga mawe za wachimbaji wadogo, udongo hudanganya, kwa sababu vumbi la mawe ya kwingine limeshamwagika hapo.

Miamba hii inaendelea hadi North Mara na Geita, Tanzania. Mgodi wa Macalder wenyewe ulitoa shaba na dhahabu hadi 1966.

Sasa, majibu ya maabara anayapata nani kwanza? Kakamega, si mbali na Kisumu, dhahabu ilipatikana 1931. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ni yao milele. Kufikia mwisho wa 1932 wakoloni wakaibadilisha, ili mashamba yachukuliwe bila wenyewe kupewa mengine. Milele ya miaka miwili!

Leo, Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini ni ya Jamhuri, ila kwenye shamba la mtu binafsi haki ya kutafuta haitolewi bila mwenyewe kukubali. Mrabaha nao hugawanywa: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii.

Kwa hivyo ukikuta wageni wanachekecha udongo shambani kwa nyanya yako, waulize kibali kiko wapi na nani alitia sahihi. Halafu muulize nyanya. Huenda alidhani wamekuja kupima mambo ya mbolea.